Milango ya Maji ya Bloomington: Ufundi Ulio Nyuma ya Asubuhi Moja ya Kutazama Ndege

Mwishoni mwa Machi, jua linapochomoza saa moja asubuhi, magari machache huwa yameshaegeshwa mwisho wa mtaa wa 86 Mashariki mjini Bloomington, kusini mwa Minneapolis. Wanaoshuka wamevaa kofia za sufu, darubini zinaning'inia shingoni, chupa ya chai iko kwapani. Hawana haraka. Wanateremka kilima kuelekea Bass Ponds, msururu wa mabwawa madogo kwenye bonde la mto Minnesota, huku ndege za abiria zikipita juu ya vichwa vyao kwenda kutua uwanja wa Minneapolis–Saint Paul. Mall of America, soko kubwa la ndani linalojulikana nchi nzima, liko jirani tu. Kabla ya saa tano watakuwa wameona bata wa aina kadhaa, tai mmoja au wawili, na batamaji weupe wenye sauti ya tarumbeta. Kisha watarudi nyumbani kula.

Siku nyepesi kama hiyo inaonekana haina cha kuchambua. Baridi imekwisha, ndege wamerudi, basi. Lakini ukiifungua kipande kwa kipande, kama fundi anavyofungua saa ya mkononi, unakuta ndani yake wahandisi, wanasheria, wasafirishaji wa mayai na walipa kodi. Kinachorudi chenyewe ni ndege tu. Mahali pa kutua pametengenezwa, na utengenezaji huo una mbinu zake.

Tuanze na barafu, maana ndiyo inayopanga ratiba ya kila kitu. Minneapolis iko kwenye latitudo ya nyuzi 45 kaskazini. Aliyekulia Mwanza au Mombasa, ambako mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, atashangaa kuambiwa kwamba hapa, kila siku ya Machi, mchana hurefuka kwa takriban dakika tatu. Urefu huo wa mchana ndio unaoamsha homoni za ndege walioko kusini na kuwatia hamu ya safari. Ila mwanga hauwezi kumwambia bata kama huko mbele kuna maji au kuna sakafu ya barafu. Kwa hiyo bata hupanda kaskazini hatua kwa hatua, wakifuata ukingo wa barafu inayoyeyuka. Wakikuta maziwa yamefungwa, husubiri. Baridi ikirudi kwa kishindo, nao hurudi nyuma.

Maziwa makubwa huchelewa. Ziwa Minnetonka, magharibi mwa jiji, kwa kawaida huondokewa na barafu katikati ya Aprili, na mwaka 2018 lilikawia hadi tarehe 5 Mei. Mtazamaji mzoefu hapotezi asubuhi ya Machi huko. Huenda penye maji ya kina kifupi, au yanayotembea, au yanayotoka ardhini. Bass Ponds ina faida hiyo ya tatu: chini ya genge la bonde hutoka chemchemi, na maji ya ardhini katika eneo hili hukaa kwenye joto la nyuzi 9 hivi kiangazi na baridi. Hewa ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, maji hayo ni ya uvuguvugu. Ukingo wa bwawa hufunguka kwanza. Tope jeusi la chini hunywa jua kupitia maji machache. Shimo hupanuka siku hadi siku. Bata waliotawanyika bonde zima hujibana katika nafasi hiyo moja. Ndiyo sababu wenyeji huanza kwa kutafuta shimo kwenye barafu, na ndege wanawakuta humo humo.

Kwa miongo mingi kulikuwa na shimo jingine, la kutengenezwa bila kukusudia. Ng'ambo ya mto, Burnsville, mtambo wa umeme wa Black Dog ulimwaga maji ya moto katika ziwa la jina hilohilo, ukaliacha wazi hata Januari. Tai na bata walilijua mapema kuliko wanasayansi. Mtambo uliacha makaa ya mawe mwaka 2015 na sasa unatumia gesi.

Anayesikika wa kwanza bwawani ni ndege mweusi mwenye mabega mekundu. Madume hutangulia majike kwa wiki kadhaa. Kila mmoja hushika bua la tete kavu la mwaka jana, hutanua mabega, na hupiga mlio wa kukwaruza ambao ukishausikia hausahauliki. Msomaji aliyewahi kupita kwenye majani marefu ya nyanda za juu za Kenya atamkumbuka kweche, naye mweusi, naye dume lake hutangaza kiwanja kwa rangi. Hawana undugu wa karibu: mmoja ni wa jamii ya kwera, mwingine ni wa jamii inayopatikana mabara ya Amerika tu. Kiwanja cha majani na ushindani wa madume vimewafikisha kwenye suluhisho linalofanana.

Bata nao husomwa kwa mahali walipo kabla ya kusomwa kwa rangi. Wazamiaji hukaa katikati, penye kina, wakipotea chini na kuibuka mita kadhaa mbele. Wengine hubaki pembeni, wakitumbukiza kichwa huku mkia ukitazama mbinguni, kwa kuwa hawafikii chakula kilicho chini zaidi ya urefu wa shingo na mwili wao. Kati ya hao wa pembeni yupo bata mwenye mdomo mpana bapa, anayechuja vijidudu vya juu ya maji. Ni spishi ileile inayoonekana Ziwa Nakuru mwezi wa Januari. Tofauti ni kwamba wale wa Nakuru wameshuka kutoka Ulaya na Asia, na hawa wa Bloomington wamepanda kutoka kusini mwa Marekani na Meksiko. Tai mwenye kichwa cheupe, alama ya taifa la Marekani, ni jamaa wa furukombe wa Naivasha na Victoria, na ukimwona amekaa juu ya mti uliokauka kando ya maji huhitaji kuambiwa.

Vifaa? Darubini ya kawaida, viatu visivyopitisha maji, subira. Simu imeongeza kitu kimoja cha maana: tangu mwaka 2021 programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell husikiliza milio na kutaja majina. Ni msaada mkubwa kwa mgeni, ingawa huwafanya wengine watazame skrini wakati ndege mwenyewe yuko hatua kumi mbele yao. Orodha za siku huingizwa katika eBird, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2002. Desturi ya kuandika tarehe ni ya kale zaidi hapa. Thomas Sadler Roberts, daktari wa Minneapolis, alianza akiwa kijana katika karne ya 19 kuandika lini kila ndege amefika, na mwaka 1932 akachapisha majuzuu mawili makubwa kuhusu ndege wa Minnesota. Bila daftari za watu kama yeye, kauli kwamba machipuko yanakuja mapema siku hizi ingebaki maneno ya barazani.

Sasa mabwawa yenyewe. Hayakuchimbwa kwa ajili ya ndege hata kidogo. Mwaka 1926 tawi la Bloomington la Izaak Walton League, chama cha wavuvi na wahifadhi, liliyajenga kufugia samaki wachanga aina ya bass, ili wakikua wapandikizwe katika maziwa ya jiji. Kuta za udongo, mifereji, milango ya kuruhusu maji kutoka bwawa moja kwenda lingine: vyote vilikuwa vya ufugaji. Shughuli hiyo ilipokufa, muundo ulibaki, na ulikuwa ndio hasa ambao msimamizi wa ardhi oevu angeuomba.

Kinachofanyika kwenye milango ya aina hiyo ni rahisi kueleza. Lango ni sanduku la zege lenye mbao zilizopachikwa moja juu ya nyingine. Ukitoa mbao, maji hushuka, ukizirudisha, hupanda. Kiangazi, msimamizi akishusha maji, tope hupata hewa na jua. Mbegu zilizolala humo kwa miaka huota, majani ya maji hujaa na kuzaa mbegu mpya. Vuli, mbao hurudishwa na maji hufunika shamba hilo kwa kina kisichozidi magoti. Bata wanaoshuka kusini hula mbegu. Machi inapofika, wanaopanda hukuta masalia ya mbegu, na juu yake konokono na viluwiluwi vya wadudu walioishi kwenye mabua yanayooza. Protini hiyo ndiyo majike wanayoihitaji, kwani mayai yatatagwa baada ya wiki chache. Mbu wasiouma wanaoibuka kutoka tope hilohilo huwalisha mbayuwayu wa kwanza wa Aprili.

Kushusha maji kuna kazi ya pili, ya kikatili kidogo. Bonde limejaa samaki aina ya kapi, wageni walioletwa Marekani kutoka ng'ambo katika karne ya 19, ndugu wa wale waliojaza nyavu za wavuvi wa Naivasha tangu miaka ya 2000. Kapi hula kwa kuchimbua sakafu. Maji huchafuka, jua halifiki chini, mimea hufa, bata huhama. Lakini maji yakiwa machache majira ya baridi, barafu huziba juu, oksijeni huisha, na kapi hufa kwa wingi. Mwaka unaofuata maji huwa safi na majani hurudi. Long Meadow Lake, ziwa refu la kina kifupi linaloanzia chini ya mabwawa haya na kupita chini ya daraja la zamani la Cedar Avenue, linategemea hesabu hiyohiyo kwa kipimo kikubwa zaidi, na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kimeleta mradi wa kuboresha milango ya maji ya bonde hili. Daraja lenyewe, la mwaka 1920, lilifungiwa magari mwaka 1993 na kufunguliwa upya mwaka 2016 kwa watembea kwa miguu na baiskeli. Leo ni jukwaa zuri kuliko mnara wowote wa kutazamia: unasimama katikati ya ziwa bila kulowa.

Nani alilinda ardhi hii, ilhali iko kati ya uwanja wa ndege na barabara kuu? Hapa uchambuzi unatoka kwenye tope na kuingia ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda na maghala vilikuwa vinalitamani bonde. Wananchi wa miji ya kando, miongoni mwao Elaine Mellott, walishirikiana na maofisa wa wanyamapori, wakachora ramani na kuwasumbua wabunge. Seneta Walter Mondale alibeba hoja Washington. Tarehe 8 Oktoba 1976 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyounda Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Minnesota Valley. Mwezi uliofuata Mondale akachaguliwa makamu wa rais, baada ya yeye na Jimmy Carter kumshinda huyohuyo Ford. Hifadhi hiyo leo ina takriban ekari 14,000, zilizotandazwa vipande vipande kwa zaidi ya kilomita 100 za mto.

Mtihani mkubwa ulikuja na njia mpya ya kurukia ndege, iliyofunguliwa mwaka 2005, ambayo mstari wake unapita moja kwa moja juu ya mabwawa. Sheria ililazimisha hasara ya makelele yake ilipwe. Makubaliano yaliyofikiwa kabla ya ujenzi yalizaa fidia ya zaidi ya dola milioni 20, na mwaka 2000 ukaundwa mfuko wa kuisimamia. Fedha hizo zilinunua ardhi zaidi juu ya mto, mbali na makelele, na kujenga kituo cha elimu cha Rapids Lake. Je, ilikuwa biashara nzuri? Kwa hesabu ya ekari, ndiyo. Kwa aliyesimama Bass Ponds akijaribu kusikia mlio wa ndege mdogo kwenye matete wakati injini zinanguruma, jibu si jepesi hivyo. Bata wameonyesha kutojali. Wanaoathirika ni wanaosikiliza.

Chanzo kingine cha fedha kinastahili kutajwa mbele ya msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa si cha wafadhili. Novemba 2008 wapiga kura wa Minnesota walikubali kubadili katiba ya jimbo ili kujiongezea kodi ya mauzo kwa sehemu tatu kati ya nane za asilimia moja hadi mwaka 2034, kwa ajili ya maji safi, makazi ya wanyama, hifadhi na sanaa. Walipiga kura hiyo huku uchumi ukiporomoka.

Na batamaji tarumbeta, ndege mkubwa mweupe ambaye kila mgeni humpiga picha, ndiye kielelezo kamili cha fedha na kazi ya namna hii. Ni batamaji mzito kuliko wote wa Amerika Kaskazini. Dume hupita kilo 11. Aliwindwa kwa nyama, ngozi na manyoya mpaka Minnesota ikabaki bila hata jozi moja inayozaa kufikia mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1966 idara ya mbuga za wilaya ya Hennepin, ndiyo yenye Minneapolis, ilileta batamaji kutoka hifadhi ya Red Rock Lakes, Montana, ambako wachache walisalia milimani. Kazi ilienda polepole. Mwaka 1982 jimbo likajiunga, kupitia kitengo cha wanyama wasiowindwa kilichoongozwa na Carrol Henderson. Kitengo hicho hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka mstari mmoja kwenye fomu ya kodi ya mapato, ambapo mlipaji huandika mchango kwa hiari.

Tatizo lilikuwa mbegu: ndege walikuwa wachache mno. Henderson akatazama Alaska, ambako batamaji hawakuwahi kumalizika. Kati ya mwaka 1986 na 1988 alisafiri huko kila mwaka na kurudi na mayai 50, yakiwa yamehifadhiwa kwenye joto safari nzima. Yaliangulishwa Minnesota, makinda wakalelewa kwa miaka miwili, umri ambao vifo vya utotoni vimepungua na ndege anakaribia kutafuta mwenza, ndipo wakaachiwa kwenye maziwa ya kaskazini-magharibi. Hata kabla hao hawajafikia umri huo, kundi la kwanza la batamaji 21 wa mradi wa jimbo lilikuwa limeshaachiwa wilaya ya Becker mwaka 1987.

Mbinu hiyo ilikuwa na upungufu mmoja ambao mayai hayakuweza kuutatua. Kinda wa batamaji hafundishwi njia ya kusini na damu. Huifuata nyuma ya wazazi wake. Yatima wa Alaska hawakuwa na wa kumfuata. Wengi wao walibaki Minnesota wakitafuta maji yasiyoganda, na wakayapata Monticello, kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, ambako mtambo wa nyuklia hupasha joto mto Mississippi. Mkazi wa hapo, Sheila Lawrence, alianza kuwatupia mahindi miaka ya 1980. Wachache wakawa mamia, mamia yakapita elfu, naye akaendelea hadi alipofariki mwaka 2011. Wapo wanaolalamika kwamba kulisha ndege wa porini ni kuwaharibu. Hoja hiyo ina uzito mahali pengine. Hapa, mahindi hayo yaliziba pengo lililoachwa na mradi wa serikali. Marufuku ya risasi za madini ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini, iliyoenea nchi nzima mwaka 1991, nayo ilisaidia, kwa kuwa batamaji humeza vipande hivyo tumboni pamoja na changarawe na kufa kwa sumu. Lengo la awali la mradi lilihesabiwa kwa mamia. Sensa ya mwaka 2015 ilikadiria Minnesota ina zaidi ya batamaji tarumbeta 17,000.

Udhaifu wa mpango mzima uko juu ya mto. Mto Minnesota hupita katika mashamba ya mahindi na soya, ambayo mengi yalikuwa ardhi oevu kabla ya kukaushwa kwa mabomba ya chini ya udongo. Jimbo limepoteza karibu nusu ya ardhi oevu yake. Mabomba hayo huharakisha maji kufika mtoni, mto hupata nguvu, hula kingo zake, na tope hutiririka. Katika Ziwa Pepin, chini zaidi kwenye Mississippi, tope linaloingia kwa mwaka ni takriban mara kumi ya lile la kabla ya walowezi katikati ya karne ya 19, na sehemu kubwa kabisa hutoka mto Minnesota. Mafuriko ya machipuko yakipanda juu ya kuta, lango la mbao halina la kufanya: kapi wapya huingia kuchukua nafasi ya waliokufa majira ya baridi, na udongo wa shamba la mbali hutua juu ya mbegu.

Kwa hiyo hukumu ya haki ni hii. Ndani ya uzio wa hifadhi, kazi imefanywa kwa ustadi, na mji wowote wenye mabwawa yaliyosahaulika, kuanzia Nairobi yenye mabwawa ya majitaka ya Dandora ambayo watazamaji wameyapenda kwa miaka, unaweza kujifunza hapa namna ya kutumia kuta na milango iliyokwishajengwa kwa shughuli nyingine. Nje ya uzio, kazi haijafika nusu, na haitafika mpaka wakulima walipwe au walazimishwe kuzuia maji mashambani mwao.

Anayetaka kujionea achague kati ya wiki ya mwisho ya Machi na katikati ya Aprili, baada ya usiku wa upepo wa kusini. Treni ya Blue Line kutoka katikati ya Minneapolis humshusha kituo cha American Boulevard, mwendo mfupi kwa miguu hadi kituo cha wageni cha hifadhi. Hakuna kiingilio.